BALUNGI: NI DAWA KWA NANI, NI SUMU KWA NANI?

Mwezi huu tunazungumzia tunda ambalo wengi wetu hapa Shirimatunda, na Moshi kwa jumla, tunalifahamu lakini tunalipita sokoni tukikimbilia chungwa na embe. Tunda hilo ni balungi.

Tumelichagua kwa sababu ya swali ambalo wagonjwa na wazazi hutuuliza sisi wauguzi: “Mtu ambaye matunda matamu yanamdhuru, je, balungi linamfaa, maana lenyewe ni chachu?”

Swali ni zuri, lakini jibu lake si moja. Wapo watu wasiopatana na sukari ya matunda ambao wanaweza kula nusu ya balungi na kulala usingizi mzuri. Wapo wengine ambao hata kipande kimoja kwao ni sumu. Wote wawili husema maneno yale yale: “Matunda yananisumbua.” Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama balungi linafaa, sharti tuulize linamfaa nani.

BALUNGI NI TUNDA GANI?

Balungi ni ndugu wa chungwa, chenza, danzi, ndimu na limau. Wataalamu wa mimea wanasema lilitokea katika visiwa vya Karibi, baada ya chungwa kuchanganyika na furungu. Mwaka 1750 kasisi mmoja, Griffith Hughes, aliandika juu ya mti wa kisiwa cha Barbados ulioitwa huko “tunda lililokatazwa”, na wengi wanaamini kwamba huo ndio mti wa balungi. Hata leo jina lake la kitaalamu lina neno “paradisi”. Kama tutakavyoona, kuna watu wachache ambao kwao tunda hili limekatazwa kweli.

Sehemu kubwa ya balungi, karibu asilimia 90, ni maji. Gramu 100 za nyama yake zina nguvu ndogo tu, kalori 30 hadi 40 hivi, na vitamini C kiasi cha miligramu 30 hadi 35. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 za vitamini C kwa siku kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Maana yake nusu ya balungi kubwa hukaribia kumtosheleza kwa siku nzima. Lina pia madini ya potasiamu na nyuzinyuzi zinazosaidia choo. Balungi lenye nyama nyekundu lina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Vitamini C ina kazi nyingine ambayo akina mama wajawazito wangependa kuijua. Huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Anayekula maharage na mchicha, kisha akala vipande vya balungi au chungwa, hupata damu zaidi kutoka katika chakula kile kile kuliko anayeshushia na chai ya rangi. Chai hulizuia chuma.

UCHACHU HAUONDOI SUKARI

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Ulimi unapoonja uchachu na uchungu, tunafikiri hakuna sukari. Si kweli. Uchachu wa balungi unatokana na asidi, na uchungu wake unatokana na kemikali nyingine iliyomo katika nyama na ngozi nyeupe. Vitu hivyo huifunika sukari, lakini haviiondoi.

Gramu 100 za balungi zina sukari karibu gramu 7. Sukari hiyo ni ya aina tatu: glukosi kiasi cha gramu 1.6, fruktosi kiasi cha gramu 1.8, na sukrosi kiasi cha gramu 3.5. Kiasi hubadilika kidogo kufuatana na aina ya tunda na kuiva kwake.

Fruktosi ndiyo tunayoiita sukari ya matunda. Sukrosi ni ile sukari ya kawaida ya dukani, inayotengenezwa kwa miwa kama ile ya mashamba ya TPC yaliyo kusini mwa mji wetu. Tukumbuke jambo moja kubwa: sukrosi ikifika tumboni hukatwa vipande viwili, nusu glukosi na nusu fruktosi. Kwa hiyo anayesema, “Mimi siwezi matunda, lakini chai yenye sukari haina neno,” anaweza kuwa anajidanganya.

Tukijumlisha yote, nusu ya balungi yenye uzito wa gramu 120 bila maganda humpa mlaji fruktosi gramu 4 hivi. Soda ya kawaida ya mililita 300 humpa gramu 15 au zaidi. Tushike hesabu hizo mbili, kwa maana tutazihitaji mbele.

TATIZO LA KWANZA: UTUMBO UNAOSHINDWA KUFYONZA

Tatizo hili ndilo linalowapata wengi. Utumbo mwembamba una milango midogo ya kupitisha fruktosi kwenda katika damu. Kwa watu fulani milango hiyo ni michache au haifanyi kazi vizuri. Fruktosi ikizidi, inabaki ndani na kuteremka mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huichachua kama vile pombe inavyochachuka mtungini. Matokeo yake ni tumbo kujaa gesi, kunguruma, kusokota na pengine kuharisha. Humsumbua na kumwaibisha mgonjwa, lakini haliharibu ini wala figo, wala haliui.

Sasa, jambo la kufurahisha ni kwamba glukosi huisaidia fruktosi kupita. Zikija pamoja kwa kiasi kinacholingana, fruktosi hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kwa mgonjwa huyu hatutazami kiasi cha fruktosi peke yake. Tunatazama pia kama imeizidi glukosi.

Katika balungi hizi mbili karibu zinalingana. Katika embe, fruktosi huru ni zaidi ya mara mbili ya glukosi. Tikiti maji ni hivyo hivyo. Tufaa na peasi, zile zinazoletwa kutoka Lushoto na kwingineko, zina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na juu yake zina sorbitoli inayozidisha gesi. Asali nayo ina fruktosi iliyozidi. Ndiyo maana mtu aliyeteseka baada ya sahani ya embe anaweza kula balungi, chungwa au papai kwa kiasi bila shida.

Kwa mgonjwa wa namna hii ushauri wetu ni huu:

1. Aanze na robo ya balungi baada ya chakula, si kabla ya kula kitu. Akiona salama kwa siku mbili tatu, aende kwenye nusu.

2. Ale tunda lenyewe, asinywe juisi. Bilauri moja ya juisi inaweza kumeza mabalungi mawili au matatu, na nyuzinyuzi zimetupwa.

3. Asinyunyize sukari wala asali juu yake. Wengi hufanya hivyo kukata ukali, na hapo faida yote ya tunda imepotea. Afadhali amenye vizuri na kuondoa ngozi nyeupe, maana humo ndimo mna uchungu mwingi.

4. Asiache matunda yote kwa hofu. Aandike katika daftari alichokula na kilichomtokea kwa wiki mbili, kisha alete daftari hilo kliniki.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mara nyingi tunayemdhani ni matunda siye mkosaji. Watu wazima wengi katika Afrika hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, na dalili zake ni hizo hizo za gesi na kuharisha. Vitunguu, ngano na maharage pia huleta gesi kwa baadhi ya watu. Minyoo na amiba nazo zipo. Tusilihukumu balungi kabla ya choo kupimwa.

Tuongeze neno moja juu ya vidonda vya tumbo na kiungulia. Mwenye shida hizo anaweza kuumizwa na asidi ya balungi, wala si sukari yake. Huyo naye asijilazimishe.

TATIZO LA PILI: INI LISILO NA KIMENG'ENYA

Tatizo la pili ni la nadra, lakini ni la hatari, na ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Mwaka 1956 madaktari wawili wa London, Chambers na Pratt, walieleza katika jarida la Lancet habari za mwanamke wa miaka 24 aliyeugua kila alipokula matunda au sukari ya miwa. Mwaka 1961 wataalamu wa Ubelgiji, Hers na Joassin, wakagundua sababu. Watu hawa wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja cha ini kinachoitwa aldolasi B. Huko Ulaya hukadiriwa kwamba tatizo hili humpata mtoto mmoja kati ya 20,000 hivi.

Kwao utumbo hauna kosa. Fruktosi hufyonzwa vizuri na kufika kwenye ini. Ini huanza kuichakata, kisha kazi hukwama katikati kwa kukosa kile kimeng'enya. Mabaki yaliyokwama huliziba ini lisiweze kutoa glukosi, na sukari ya damu hushuka ghafla. Mgonjwa hutapika, hutoka jasho la baridi, hutetemeka, huregea, na anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Akiendelea kulishwa fruktosi siku kwa siku, ini huvimba, macho huwa ya manjano, figo huharibika, na mtoto hudumaa au kufa.

Kwa mgonjwa huyu hakuna habari ya kulinganisha glukosi na fruktosi. Fruktosi yenyewe ndiyo sumu, ije na mwenzake au ije peke yake. Kiasi anachoweza kuvumilia hupimwa kwa miligramu. Zile gramu 4 za nusu ya balungi, ambazo kwa mgonjwa wa kwanza ni kidogo, kwa huyu ni nyingi mno. Kwa hiyo jibu letu ni wazi: balungi hapana, juisi yake hapana, hata kama ni chachu namna gani.

MTOTO ANAYEKATAA UTAMU

Wazazi na bibi zetu, tunaomba msikilize hapa kwa makini.

Mtoto mwenye tatizo hili huzaliwa mzima. Maziwa ya mama yana laktosi, ambayo haina fruktosi ndani yake, kwa hiyo anaponyonya hunawiri. Taabu huanza siku anapoanzishiwa vyakula vingine: uji wenye sukari, ndizi mbivu iliyopondwa, juisi ya matunda, asali ya kulambishwa. Hutapika, hulegea, hulia, hakui. Akirudishwa kwenye ziwa peke yake hupata nafuu. Akikua kidogo, mwenyewe huanza kukataa pipi, biskuti, soda na matunda. Meno yake mara nyingi ni mazuri hayana matundu.

Watu wazima humwona mkaidi. “Mtoto gani hataki pipi?” Humbembeleza, humfinya, humlazimisha. Desemba ndugu wanapopanda Kilimanjaro kwa Krismasi, kila mjomba na kila shangazi huja na soda na biskuti, na mtoto anayekataa huonekana hana adabu. Jamani, tusimlazimishe. Mtoto anayekataa kila kitu kitamu, na ambaye hutapika au kulegea akikila, anatuambia jambo. Mwili wake umejifunza kabla yetu.

Tena, tusimtwishe mama mzigo wa lawama. Tatizo hili hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe ni wazima kabisa. Wazazi wakiwa wote wamebeba chembe hiyo ya urithi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Si uchawi, si laana ya ukoo, wala si uzembe wa mama.

Ukiona dalili hizo, acha mara moja sukari, matunda na asali, endelea kumnyonyesha, na umpeleke mtoto hospitali. Daktari wa watoto, na ikibidi hospitali ya rufaa kama KCMC, ndiye wa kuongoza uchunguzi. Uhakika hupatikana kwa kipimo cha chembe za urithi. Usimjaribu nyumbani kwa kumpa tunda kidogo “tuone itakuwaje”. Jaribio hilo linaweza kumuua.

MAMBO MANNE YA KUMWAMBIA MUUGUZI

Mwenye tatizo hili la ini, au mzazi wake, alitangaze kila anapofika kituo cha afya, maana huduma tunazotoa kwa nia njema zinaweza kumdhuru.

Kwanza, maji ya chumvi na sukari. Mtoto akiharisha, tumezoea kuwafundisha akina mama kuchanganya chumvi na sukari nyumbani. Kwa mtoto huyu sukari hiyo ni hatari. Apewe ORS ya pakiti iliyotengenezwa kwa glukosi, isiyoongezwa ladha ya matunda wala kitu kingine cha kutia utamu.

Pili, sukari ya chini ya ulimi. Mgonjwa wa malaria anapolegea, wengi hukimbilia sukari ya dukani. Huyu apewe glukosi yenyewe, au dripu ya dekstrosi, ambayo ni glukosi. Huko Ulaya zamani dripu zenye fruktosi na sorbitoli ziligharimu maisha ya wagonjwa wa namna hii.

Tatu, dawa za maji. Sirapu nyingi za watoto zimetiwa sukrosi au sorbitoli ili zinyweke. Mwombe mfamasia asome karatasi ya dawa, na mara nyingi kidonge kilichosagwa ni salama zaidi.

Nne, chanjo. Baadhi ya chanjo za matone ya mdomoni, kama ya rota, zina sukari hizo. Usimfiche mtoto kliniki. Mpeleke na useme, ili daktari aamue. Chanjo za sindano aendelee nazo kama kawaida.

ATAPATA WAPI VITAMINI C?

Mzazi atauliza, “Bila matunda, mtoto wangu hatapungukiwa?” Atapungukiwa kama hatukujipanga. Vyakula vya msingi anavyoweza kula si haba: wali, ugali, viazi mviringo, nyama, samaki, mayai na maziwa yasiyotiwa sukari. Mboga za majani kama mchicha na spinachi zinampa vitamini C, mradi zipikwe muda mfupi kwa maji kidogo. Viazi vitamu, karoti, ndizi mbivu, na kwa watu wazima mbege, aviepuke. Katika mbege mna ndizi mbivu, na si sukari yote huisha kwa kuchachuka. Daktari anaweza kuongeza vidonge vya vitamini C, lakini visiwe vile vitamu vya kutafuna.

ONYO KWA WANAOTUMIA DAWA

Hatuwezi kulimaliza balungi bila onyo hili, ambalo ni la kila mtu, awe na tatizo la fruktosi au asiwe nalo. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada wakiongozwa na David Bailey walitangaza kwamba juisi ya balungi iliongeza kiasi cha dawa ya shinikizo la damu, felodipini, katika damu. Balungi hukizima kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza dawa nyingi kabla hazijaingia mwilini. Kikizimwa, dawa huingia kwa wingi, kama mtu aliyekunywa dozi kubwa kuliko aliyoandikiwa. Nguvu hiyo yaweza kukaa siku nzima au zaidi, kwa hiyo kula balungi asubuhi na dawa jioni hakusaidii.

Dawa za kuangalia ni pamoja na nifedipini na felodipini za shinikizo la damu, simvastatini na atorvastatini za kupunguza mafuta katika damu, karbamazepini ya kifafa, na baadhi ya dawa za moyo. Hata dawa mseto ya malaria ina tahadhari juu ya juisi ya balungi. Siku hizo tatu za dozi, imeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na uliache balungi kwanza. Usiache dawa ili ule tunda. Acha tunda, kisha umwulize daktari.

KWA KUMALIZIA

Ndugu msomaji, kama u mzima na hutumii dawa hizo, nunua balungi bila hofu. Kama matunda yanakujaza gesi, jaribu robo baada ya chakula. Kama wewe au mtoto wako matunda na sukari huwatapisha, kuwatoa jasho na kuwalegeza, usijaribu hata kipande. Njoo hospitali kwanza. Na mtoto akikataa pipi ya mjomba, mwacheni. Kinga ni bora kuliko tiba.